Zana za Gumegume Zikikutwa Pamoja, Zisitenganishwe

Zana moja ya gumegume iliyookotwa shambani inaeleza machache: hapa palipita mtu, alichonga namna hii, labda katika kipindi fulani. Zana kumi zilizolaliana ndani ya kishimo kimoja ni habari nyingine kabisa. Hizo zilikuwa mikononi mwa watu walewale, ziliwekwa kwa wakati mmoja, na aliyeziweka alikuwa na sababu. Ukijua zilivyopangwa, zilivyochakaa na jiwe lake lilikotoka, unaweza kuikaribia sababu hiyo. Ukizizoa harakaharaka na kuzitia ndooni, umebaki na mawe kumi mazuri ya kuweka kabatini.

Naandika kwa ajili ya mtu atakayekutana na jambo hili bila kulitafuta, kwa sababu malimbiko mengi makubwa ya zana za mawe, yaani zana zilizowekwa pamoja makusudi, yalijitokeza kwa watu wa namna hiyo. Huko Volgu, Ufaransa, mwaka 1873, wafanyakazi walikuwa wakichimba mfereji walipokuta ncha za gumegume zenye umbo la jani, zisizopungua 14, ndefu kati ya sentimita 23 na 35 hivi na unene usiofika sentimita moja. Ni kazi ya mafundi wa miaka kama 20,000 iliyopita. Huko Barrou, pia Ufaransa, mwaka 1970, plau ilifumua zaidi ya mabapa 100 marefu ya gumegume la eneo la Grand-Pressigny, lenye rangi ya nta. East Wenatchee, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mwaka 1987 ulikuwa mtaro wa bomba la umwagiliaji katika shamba la matufaha uliofichua zana za mawe. Boulder, Colorado, mwaka 2008, watu waliokuwa wakitengeneza bustani ya nyumba walisikia sepetu likigonga jiwe, wakatoa zana 83. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka nyumbani kutafuta mambo ya kale.

Kwanza, ni kazi ya mtu?

Gumegume ni silika iliyoganda ndani ya miamba ya chaki na chokaa. Halina punje zinazoonekana kwa macho wala nyuzi za kuongoza mpasuko, kwa hiyo likipigwa, nguvu husambaa kwa usawa na jiwe hupasuka kwa mkunjo laini. Pigo la makusudi huacha alama zinazokwenda pamoja. Shika kibanzi, yaani kipande kilichobanduliwa kwa pigo, uso laini ukikutazama, ncha iliyopigwa ikiwa juu. Pale juu kabisa pana sehemu ndogo bapa, pengine ya milimita chache tu. Huo ndio uso wa kupigia. Chini yake mara moja pana kinundu, ambacho kidole gumba hukihisi kabla jicho halijakiona. Juu ya kinundu chenyewe mara nyingi pana kovu dogo, kipande kilichobanduka chenyewe wakati wa pigo. Kuanzia hapo mawimbi hafifu yanatanuka kuelekea ukingoni. Igeuze. Uso wa pili unaonyesha makovu ya vibanzi vilivyobanduliwa kabla ya hiki, na makovu hayo yana mwelekeo: yanatoka upande mmoja, au pande mbili zinazokabiliana, au yanazunguka.

Baridi kali nayo hupasua gumegume, lakini kipande chake hakina uso wa kupigia, na mawimbi yake yanaanzia katikati ya uso, si ukingoni. Moto hutoa vipande vya mviringo vinavyoruka kama vifuniko, huacha mtandao wa nyufa nyembamba, na hubadili rangi kuwa ya kijivu au wekundu. Mto na bahari huacha makovu kila upande bila mpango, na kingo zilizolainishwa. Plau huacha kovu jipya ambalo rangi yake haifanani na sehemu nyingine ya jiwe, mara nyingine na mstari wa kutu pembeni yake.

Kibanzi kimoja chenye kinundu hakithibitishi kitu. Trekta likipita juu ya jiwe linaweza kutoa kinundu safi kabisa. Kinachothibitisha ni marudio: makovu yaleyale, kwa mpangilio uleule, juu ya vipande kadhaa. Ndiyo maana mkusanyiko ni rahisi kuutolea hukumu kuliko kipande kimoja.

Kuhusu ule utando mweupe au wa samawati unaofunika gumegume la zamani, ushauri wangu ni mfupi: usiutumie kukadiria umri. Unatokana na kemia ya udongo, maji na jiwe lenyewe, na vibanzi viwili vilivyotoka kwenye kiini kimoja, yaani jiwe mama linalobanduliwa vibanzi, vinaweza kuwa na utando tofauti kwa sababu tu kimoja kililala penye unyevu zaidi. Utando unafaa kwa jambo moja: kuonyesha kovu lipi limekuja baada ya lingine. Kovu linalokata utando ni jipya kuliko utando.

Pamoja kwa namna gani?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Vitu vingi vinaweza kukutwa pamoja bila kuwa limbiko.

Cha kwanza ni karakana, mahali mtu alipokaa akachonga. Kuchonga shoka moja la mkono, lile la kushikwa bila mpini, hutoa mamia ya vibanzi, na ukihesabu chembe ndogo idadi inaingia kwenye maelfu. Kwa hiyo ardhi ya karakana imejaa takataka: vibanzi vya ukubwa wote hadi vumbi la milimita moja, viini vilivyochoka, mawe ya kugongea yenye vidonda ncha zake, na zana zilizovunjika kabla ya kukamilika. Zana nzuri zenyewe mara nyingi hazipo, kwa sababu fundi aliondoka nazo. Takataka hizo zina thamani ya ajabu, maana zinaweza kurudishwa pamoja kipande kwa kipande hadi jiwe la mwanzo likasimama tena. Huko Boxgrove, kusini mwa Uingereza, vibanzi vya miaka karibu 500,000 vimeunganishwa hadi katikati pakabaki uwazi wenye umbo la shoka lililochukuliwa. Huko Étiolles, karibu na Paris, kuunganisha vibanzi kumeonyesha wachongaji hodari walikaa karibu na moto, na wenye mikono ya kujifunza walikaa mbali zaidi. Mambo haya hayawezekani kama mtu amechagua vipande vizuri na kuacha vingine.

Limbiko ni kinyume chake. Vitu vimechaguliwa, vumbi la kuchongea halipo au ni kidogo mno, na vimebanana. Kubanana kwenyewe ni ushahidi. Zana 83 za Boulder zilikaa katika nafasi isiyozidi kisanduku cha viatu, na mkao wa namna hiyo unaashiria kishimo kidogo au mfuko ulioza zamani. Ukiona kingo za mkusanyiko zimekatika ghafla, ndani mawe matupu na nje udongo mtupu, chora mstari huo. Huenda ni ukuta wa chombo kisichokuwepo tena.

Ndani ya malimbiko nayo kuna aina, na mimi huanza na makali kabla ya umbo. Makali yakiwa mapya, vipande vikiwa vya ukubwa unaolingana na vimekomea nusu ya kazi, inaelekea ni akiba ya malighafi au bidhaa ya safarini: fundi amepunguza uzito wa jiwe machimboni, akabeba yanayostahili kubebwa. Mabapa ya Barrou yanakaa katika kundi hili. Mabapa ya Grand-Pressigny yalisafiri mbali sana katika milenia ya tatu KK, hadi Uswisi na Uholanzi, na yaliishia kuwa visu na majambia.

Makali yakiwa yamechakaa na kunolewa tena, na vifaa vikiwa mchanganyiko, visu vikubwa pamoja na vikwangulio pamoja na vibanzi visivyovutia, hapo una vifaa vya kazi vya mtu au kikundi, vilivyofichwa ili virudiwe. Limbiko la Boulder, la miaka kama 13,000 iliyopita, linafanana na hilo. Jambo la kuzingatia ni vile vibanzi visivyovutia. Katika mkusanyiko uliookotwa na mtu asiyejua, hivyo ndivyo vya kwanza kutupwa, na ndivyo vinavyotofautisha mkoba wa kazi na sadaka.

Sadaka hujulikana kwa kupita kiasi. Katika mabwawa ya Denmark, wakulima wa mwanzo wa kati ya 4000 na 2800 KK waliweka mashoka ya gumegume yaliyosuguliwa yenye urefu unaozidi sentimita 30, marefu kuliko kazi ya kukata mti inavyohitaji, mengine bila dalili ya kupachikwa mpini. Mahali penyewe, yaani majini au kwenye tope, pamezuia mtu kuyarudia kwa urahisi. Hata hivyo bwawa peke yake halitoshi. Bwawa la leo huenda lilikuwa nchi kavu wakati huo, na jambo hilo huamuliwa na tabaka za udongo.

Aina ya mwisho ni ya kaburi, nayo inadai tahadhari kuliko zote. Huko Montana mwaka 1968, karibu na mji wa Wilsall, wafanyakazi wa ujenzi walifukua zaidi ya zana 100 za mawe na mifupa zilizopakwa ngeu nyekundu, yaani udongo wa rangi, pamoja na mifupa ya mtoto mdogo. Pahali hapo panaitwa Anzick. Kwa kuwa vitu vilitolewa bila kuandikwa vilikaaje, kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama mtoto na zana ni wa wakati mmoja, kwa sababu vipimo vya mifupa na vya zana za pembe vilikuwa havioani. Vipimo vilivyosafishwa kwa njia bora, vilivyochapishwa 2018, ndivyo vilivyovikutanisha, karibu miaka 12,900 hadi 12,700 iliyopita. Nusu karne ya ubishi, juu ya swali ambalo mchoro mmoja wa penseli ungelijibu kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo udongo mwekundu usio wa kawaida ukionekana kati ya zana, au unga mweupe unaoweza kuwa mfupa, chukulia kwamba ni kaburi mpaka ithibitishwe vinginevyo, usiguse zaidi, na toa taarifa kwa mamlaka mara moja.

Kisha kuna yanayodanganya. Ukingo wa mto hukusanya mawe ya enzi nyingi sehemu moja; hayo utayajua kwa kingo butu na utando usiofanana. Katika Cyprus, Hispania na Uturuki wakulima walitumia mbao za kupuria nafaka zilizopachikwa safu za vibanzi vya gumegume upande wa chini. Ubao ukioza, vibanzi hubaki chini kwa mafungu, vyote vya ukubwa mmoja, vyenye mng'aro ukingo mmoja. Ni vitu vizuri, lakini vinaweza kuwa vya juzi tu. Huko Brandon, Uingereza, kutengeneza vijiwe vya gumegume vya kutoa cheche kwenye bunduki za zamani kuliacha marundo ya vibanzi na viini vyenye makovu sambamba ya kupendeza, na mtu akiyaona bila kujua atasema ni ya maelfu ya miaka. Na wachongaji wa leo, wanaojifunza ufundi huu kwa bidii, mara nyingi hutumia vigongeo vya shaba: tafuta mistari midogo ya rangi ya shaba kwenye uso wa kupigia. Karne ya 19 ilikuwa na waghushi pia, maarufu kuliko wote akiwa Edward Simpson, aliyejulikana kwa jina la Flint Jack, aliyewauzia wakusanyaji wa Uingereza zana alizozichonga mwenyewe.

Zikiwa bado ardhini

Simamisha mashine. Usivute kile kilichochomoza nusu, hata kama kinacheza. Gumegume jembamba lililobanwa upande mmoja huvunjika kwa urahisi, na ukilivuta umepoteza pia kujua lilielekea wapi. Piga picha kabla ya kupangusa kitu chochote, picha ya mbali inayoonyesha mti au ukuta wa karibu, kisha ya karibu yenye kipimo. Rula ni bora. Sarafu inatosha kama rula haipo, ila andika ni sarafu gani. Chukua majira ya nukta kwa GPS ya simu, lakini usiitegemee peke yake, kwa kuwa inaweza kukosea mita kadhaa. Pima kwa utepe kutoka sehemu mbili zisizohama, kona ya jengo na nguzo kwa mfano, uandike umbali kutoka kila moja.

Funika kwa udongo uleule au kwa turubai, weka alama, umwite mtaalamu. Hilo ndilo jambo sahihi karibu kila mara. Watu huogopa kwamba wataalamu watafunga shamba kwa miaka. Kwa limbiko dogo kazi ya kufukua inaweza kuwa ya siku chache.

Wakati mwingine hakuna nafasi ya kungoja. Maji yanapanda shimoni, zege linamiminwa kesho, au mahali pamejulikana na watu wasio waaminifu. Ikibidi kutoa, toa hivi. Safisha kuzunguka kwa kijiti cha mbao au mwiko wa plastiki, kamwe si chuma. Chuma huacha mstari wa kijivu juu ya gumegume unaofanana na kutu ya plau, na huweza kung'oa vijipande vya makali ambavyo baadaye vitasomwa kama dalili ya matumizi. Fukua hadi tabaka la juu lionekane lote bila kutoa hata moja. Piga picha kutoka juu wima, mshale wa kaskazini ukionekana. Chora kwa mkono hata kama picha ipo, kwa kuwa kuchora kunalazimisha jicho kuona nini kimelala juu ya nini. Kila zana ipewe namba kwenye mchoro, na kwa kila namba andika mambo manne: kina kutoka kwenye kamba iliyonyooshwa sawa juu ya shimo, uso upi ulikuwa juu, ncha ilielekea wapi kwa dira, na ilikuwa imelala, imesimama au imeinama. Kisha toa tabaka hilo, rudia kwa linalofuata. Kwa mkusanyiko wa zana 20 kazi hii huchukua saa kadhaa. Hakuna njia ya mkato.

Weka alama ya penseli au kibandiko kwenye mfuko, si kwenye jiwe. Lile swali la uso upi ulikuwa juu linaonekana dogo, lakini huko East Wenatchee ndilo lililosaidia kupata umri. Chini ya baadhi ya zana, upande uliogusa ardhi, kulikuwa na ukoko wa silika uliobeba jivu la volkano ya Glacier Peak, mlipuko unaojulikana wakati wake. Ukoko kama huo, kwa mtu mwenye brashi na ndoo ya maji, ni uchafu wa kusugua.

Udongo uliotoka kwenye kishimo usiumwage. Upitishe kwenye chekeche la matundu ya milimita 4, na kama unaweza, sehemu yake kwenye la milimita 1. Chembe zilizobaki juu ya chekeche la milimita 1 ndizo zinazoamua kama watu walichonga pale au walileta vitu vilivyokamilika. Weka kando mfuko wa udongo ambao haujachekechwa, ujazo wa lita moja au mbili, na mwingine kutoka mita moja nje ya kishimo kwa ajili ya kulinganisha. Bila ule wa nje, maabara haiwezi kujua kilichopatikana ndani kilitokana na zana au kimo tu katika ardhi hiyo.

Kama plau imekwisha kupita, hali ni tofauti lakini haijaharibika yote. Tembea mistari sambamba, mita moja hadi mbili kati ya mstari na mstari, choma kijiti cha rangi kila penye jiwe, usiokote mpaka vijiti vyote viwe vimesimama. Ndipo fungu litaonekana: mkia mrefu kufuata njia ya plau, na mahali vijiti vinapokuwa vingi zaidi. Chini ya pale, chini ya kina cha plau, huenda sehemu ya limbiko bado iko kama ilivyowekwa.

Rundo la udongo lililokwisha kutolewa na mashine nalo lipitiwe. Mwaka 1797 John Frere aliandika kuhusu zana zilizofukuliwa katika machimbo ya udongo wa matofali huko Hoxne, Uingereza, kina cha futi 12 hivi, chini ya tabaka zilizomshawishi kwamba ni za kale kupita kiasi. Kabla hajafika, wafanyakazi walikuwa wamemwaga vikapu vizima vya mawe hayo kwenye mashimo ya barabara. Leo tunajua ni ya miaka kama 400,000, na vile vya barabarani havikurudi.

Kuosha, kufunga, kubeba

Usioshe. Najua hamu yake, kwa kuwa gumegume lililooshwa linang'aa na makovu yake yanatoka vizuri. Lakini kwenye makali na ndani ya nyufa ndogo ndiko hukaa mabaki: protini, wanga wa mimea, lami ya kubandikia mpini, nyuzi. Katika zana za Boulder, uchunguzi wa protini ulitoa majibu ya farasi na ngamia, wanyama waliotoweka Amerika Kaskazini mwishoni mwa enzi ya barafu. Wako wanaakiolojia wanaotilia shaka vipimo vya protini za kale kama hizo, na ubishi huo ni wa haki; ila hauwezi hata kuanza juu ya jiwe lililosuguliwa kwa sabuni.

Glavu ziwe zisizo na unga. Unga wa glavu nyingi za zamani ni wa mahindi, na mtafiti wa wanga atapata mahindi kwenye zana ya miaka 20,000. Usitumie udongo wa kuchezea wala gundi laini kusimamishia jiwe wakati wa picha. Mafuta yake hushika na kung'aa chini ya hadubini kama vile zana ilikata nyama. Tindikali ya kuondolea chokaa, vanishi na rangi za kucha zisikaribie.

Kila zana ikae kwenye mfuko wake. Gumegume lina ugumu wa karibu 7 kati ya 10, hivyo kinacholidhuru kwa urahisi kuliko vyote ni gumegume jingine. Zana mbili zikigongana mfukoni kwa mwendo wa barabara mbovu hupata vijipengo ukingoni, na mtaalamu wa alama za matumizi atakaa siku nzima akijiuliza ni mfupa au ni mbao. Tia povu laini kati ya mifuko, nzito chini, nyepesi juu, kisanduku kigumu. Kama udongo una unyevu, toboa mfuko tundu dogo ili jasho lisiote ukungu.

Vipande vilivyoungua vihifadhiwe kivyake, kwenye mfuko mweusi usiopitisha mwanga, mbali na joto, pamoja na udongo uliovizunguka. Gumegume lililowahi kupashwa moto mkali lina saa ndani yake: moto ulifuta nishati iliyohifadhiwa katika jiwe, na tangu siku hiyo mionzi ya udongo imekuwa ikiijaza upya. Kwa njia hiyo vipande vilivyoungua huko Jebel Irhoud, Morocco, mahali palipogunduliwa na wachimba madini mwaka 1961, vilitoa umri wa karibu miaka 315,000 katika utafiti uliochapishwa 2017. Udongo unahitajika kwa sababu mionzi ya kila mwaka inapimwa kutoka humo. Kipande kizuri bila udongo wake kinapunguza sana uhakika wa jibu.

Ni za nani, na zikae wapi

Sheria hazifanani, na inafaa kuzijua kabla, si baada ya kuweka picha mtandaoni. Uingereza na Wales, zana za gumegume peke yake hazihesabiwi kuwa hazina chini ya Sheria ya Hazina ya 1996, kwa hiyo kisheria hakuna lazima ya kuzitangaza na kwa kawaida ni mali ya mwenye ardhi. Mpango wa Vitu vya Kale Vinavyobebeka, ulioanza 1997, huziandikisha kwa hiari, na ningemsihi kila mtu aandikishe. Zikikutwa pamoja na kitu ambacho ni hazina, mambo hubadilika. Ufaransa, aliyegundua kwa bahati na mwenye ardhi wanatakiwa kumtaarifu meya mara moja. Marekani, kilicho kwenye ardhi binafsi ni cha mwenye ardhi isipokuwa penye makaburi, ambako sheria nyingine huingia. Kwenye ardhi ya serikali kuu, sheria ya 1979 inakataza kuchimba na kuondoa mali za kale bila kibali.

Popote ilipo, pigania jambo moja: mkusanyiko usigawanywe. Warithi hugawana, watu hubadilishana, mfanyabiashara huuza ncha kubwa kwanza kwa sababu ndiyo yenye bei, na ndani ya miaka michache tu limbiko halipo tena hata kama kila kipande bado kipo. Ncha za Volgu ziko sehemu mbalimbali, nyingi Chalon-sur-Saône, nyingine Saint-Germain-en-Laye, na moja British Museum huko London. Mtu anayetaka kuzilinganisha zote, mkono ule ule ulizichonga au mikono kadhaa, jiwe moja au mawe mengi, inambidi avuke bahari.

Kama mwenye ardhi hataki kutoa vitu vyake, na hiyo ni haki yake palipo na sheria hiyo, omba angalau mambo matatu kwa maandishi. Kila kipande, pamoja na vibanzi vibaya na chembe za chekeche, kipigwe picha pande zote mbili na kupimwa urefu, upana, unene na uzito. Nakala ya mchoro wa shimo ikae kwenye makumbusho ya karibu, ikiwa na namba zilezile zilizo kwenye mifuko. Na wosia au hati yoyote ya kuhamisha mali iyataje mawe hayo kama kitu kimoja, kwa idadi kamili.